Namba Kumi na Saba na Mkwe Wake

Kocha Gwakisa hakuwa anapima mazoezi kwa kilomita. Alipima kwa malori. "Malori arobaini mbio, malori kumi pumzika, rudia mara sita," ndivyo alivyokuwa akimwandikia Tumpale kwenye simu alfajiri, na Tumpale alielewa bila kuuliza. Foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia huanzia mpakani, Tunduma mjini, na ikishiba hufika Mpemba na kuendelea. Lori moja na tela lake ni kipimo kizuri kuliko jiwe la barabarani, kwa sababu halihami. Siku foleni ilipokwisha, madereva walishukuru Mungu na mji ukapumua, lakini Tumpale alikosa mazoezi na akarudi nyumbani amenuna.

Baiskeli aliianza kama kazi. Ana miaka tisa katika ofisi moja ya wakala wa forodha, na kazi yake ni kuchukua karatasi mezani, kumtafuta dereva popote alipokwama kwenye foleni, kupata sahihi na kurudi kabla wanaohusika hawajaenda kula. Mwanzoni alipanda bodaboda. Baadaye mume wake, Ambwene, fundi wa malori ambaye kucha zake hazijawahi kuwa nyeupe tangu waoane, alimletea baiskeli ya mtumba yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, akisema ameikuta kwenye mzigo wa mitumba na haina mwenyewe. Kumbe ilikuwa baiskeli ya mashindano. Tumpale hakujua. Aliona tu kwamba madereva wa Kizambia, waliozoea kumwita "Bamayo", yaani mama, kwa heshima, walianza kutoa vichwa dirishani kumwangalia akipita.

Gwakisa ndiye aliyejua. Ana banda la kutengeneza baiskeli karibu na stendi ya zamani, na huko nyuma alikuwa mwendeshaji hodari mpaka goti lilipogoma. Alimsimamisha siku moja, akageuza baiskeli miguu juu, akasoma namba zilizochongwa chini, akamwambia, "Dada, unabebea karatasi chombo cha vita." Kwa hiyo Tumpale akaingia kwenye klabu ya watu tisa, wanane kati yao wanaume, na kwa misimu minne akashiriki kila shindano lililotangazwa kati ya Tunduma na Mbeya. Amewahi kuwa wa tatu mara mbili. Amewahi kuwa wa mwisho mara moja, siku aliyopasukiwa matairi yote mawili karibu na Nanyala na kumaliza akisukuma kwa mguu. Hakuwahi kuwa wa kwanza.

Mwaka huu aliitaka nafasi ya kwanza, na sababu aliijua. Shindano la kufungua msimu, la mwezi wa sita mvua zikishakatika, lingetoa mwanamke mmoja tu wa kuungana na timu ya mkoa kwa msimu mzima. Mmoja. Tumpale alikuwa na miaka thelathini na minne na binti wa miaka tisa, Atupele. Gwakisa, ambaye hajui kusema jambo kwa kuzunguka, alimwambia kwamba mwaka ujao hatahesabu tena nafasi yake. "Si kwamba utakuwa mzee. Wenzako ndio watakuwa wamekua." Mwenzake aliyekuwa anakua kwa kasi zaidi ni Goodness wa Mlowo, msichana wa miaka ishirini na mbili, mwenye mapaja ya chuma na kicheko cha watoto. Kwenye lami Goodness alikuwa anamwacha Tumpale anavyotaka.

Bahati, ikiwa ni bahati, ni kwamba shindano la mwaka huu halikuwa la lami. Waandaaji walitaka mambo mapya: mbio za milimani, kilomita ishirini na mbili za njia za mashambani huko Ileje, kuanzia uwanja wa shule kwenye mabega ya vilima, kupanda, kushuka, kupanda tena, na kumalizia sokoni Isongole. Hakuna aliyewahi kushindana huko. Wote wangeanza wakiwa wajinga, na Gwakisa aliona kwamba mjinga atakayeanza kujifunza mapema ndiye atakayepata nafasi.

Alimwazima Tumpale baiskeli ya milimani, ya kijani iliyobabuka, matairi manene yenye meno, shokapu ya mbele ikilia kila inapobonyea. Walianza mwezi wa tatu kwenye kilima nyuma ya Mpemba, mvua bado zikinyesha, kwenye vichochoro vya mashamba ya mahindi vilivyogeuka kuwa mafuta. Kupanda hakukumsumbua. Kushuka ndiko kulikomwonyesha. Aliteremka kama anavyoteremka kwenye lami, amekalia tandiko, ameshika breki ya mbele kwa nguvu zote, na mara tatu katika asubuhi moja baiskeli ilibaki nyuma yeye akatangulia.

"Kwenye lami unakaa," Gwakisa alimwambia, akimtoa tope mgongoni kwa jani la mgomba. "Huku unasimama. Nyanyua makalio, rudi nyuma ya tandiko, viwiko nje. Breki kidole kimoja. Na macho yaende unakotaka kwenda. Ukiliangalia jiwe, utaligonga jiwe."

"Nisipoliangalia nitajuaje liko wapi?"

"Utajua. Unajua lori liko wapi bila kuliangalia."

Hilo lilikuwa kweli. Akapunguza upepo kwenye matairi, akashusha tandiko, akajifunza kuachia. Kufikia mwisho wa mwezi wa nne aliweza kuteremka kile kilima bila kuweka mguu chini, na alipofika bondeni moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu alipokuwa msichana. Aliipenda milima kuliko lami, ndio ukweli. Alimwambia hivyo Ambwene, na Ambwene akasema vizuri, akaendelea kula.

Mwanzoni mwa mwezi wa tano waandaaji wakatoa ramani. Tumpale aliifungua kwenye simu akiwa kazini, akaipanua kwa vidole viwili, akafuata mstari mwekundu kutoka uwanja wa shule, kilima cha kwanza, kilima cha pili, kijito, daraja la magogo, kisha mteremko mrefu hadi Isongole. Alirudisha kidole kwenye daraja. Akazima simu. Juu kidogo ya lile daraja, umbali wa kuitana, ilikuwa nyumba ya baba mkwe wake.

Hapa lazima msomaji wa mbali aelezwe, maana wa Ileje angekwisha kuelewa na kutikisa kichwa. Katika familia nyingi za kule mkamwana humwogopa mkwe wake wa kiume, na kumwogopa maana yake si kumhofia. Ni heshima. Hamtazami usoni. Hazungumzi naye. Hali naye. Jina lake halitamki, na wakikutana njiani ni mkamwana anayetoka njiani, anaingia shambani, anageuka upande na kusubiri apite. Siku hizi wengi wamelegeza, mijini ndio kabisa, na wapo wachungaji wanaosema haina ulazima. Mzee Yonathani, ambaye sisi tunaweza kumtaja na Tumpale hawezi, hakulegeza chochote. Ni mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa na maharage, mtu wa maneno machache na shati jeupe, na heshima hiyo aliitunza pande zote mbili: alipojua mkamwana yuko uani, alikohoa kutoka mbali ili apate muda wa kuondoka. Katika miaka kumi na moja ya ndoa, Tumpale alimfahamu kwa kikohozi. Somo la Samweli likisomwa kanisani, yeye hufumba mdomo jina la mkwe wake linapokaribia, na binti yake huliona jambo hilo kuwa la kuchekesha sana.

Tumpale hakuwahi kulalamika. Alizaliwa vilima vile vile, mama yake aliishi hivyo hivyo, na kusema kweli aliona raha kuwa na mtu mmoja duniani ambaye anamheshimu bila kumwomba chochote.

Jumamosi ya kwanza alikwenda kuikagua njia. Alipanda lori la Isongole na baiskeli, akaanzia shuleni, akafunga kitenge kiunoni juu ya suruali ya kuendeshea, kwa sababu huwezi kujua. Vilima viwili vilimwendea vizuri. Mteremko wa kuelekea darajani aliufurahia mno, akarudi nyuma ya tandiko, akaachia breki, njia ikawa inamjia yenyewe. Kwenye kona ya mwisho alikuwapo mzee, jembe begani, akipanda taratibu.

Hakufikiri. Mikono iligeuza usukani kabla akili haijafika. Alitoka njiani kwa kasi ya mteremko, akaingia kwenye kahawa, akapita mche wa kwanza, wa pili ukamkamata kitenge, na wa tatu ukaipokea baiskeli yote. Alipokaa sawa, rimu ya mbele ilikuwa imekunjwa na kiwiko kinatoka damu. Aligeukia upande wa kilima akatulia. Nyuma yake, njiani, hatua zilisimama muda mrefu. Kisha kikohozi. Kisha hatua zikaendelea kupanda, haraka kuliko zilivyokuja, na baada ya dakika chache mama mkwe akateremka anakimbia na beseni la maji.

"Ameniambia kuna mtu ameanguka kwenye kahawa," alisema Mama Ambwene, akimwosha kiwiko. "Hakusema nani. Amesema nimletee maji, na nisiulize habari ya miche."

Gwakisa aliipokea ile rimu, akaizungusha mara mbili. Ni mtu wa Kyela, mila hizo anazijua mpaka mizizi, kwa hiyo hakucheka. "Siku ya mbio atakuwa wapi?" aliuliza. Tumpale akasema hajui. "Tafuta kujua."

Ambwene alitumwa kwao kulizungumza. Ilionekana ni jambo dogo: amwombe mzee, Jumamosi ile ya mwezi wa sita, asubuhi, abaki ndani. Lakini jaribu wewe kumwambia baba yako, mzee wa kanisa, ajifungie ndani ya nyumba yake kwa sababu ya baiskeli. Ambwene alikaa kwa wazazi wake siku nzima, wakazungumza mvua, bei ya mbolea na ng'ombe aliyevimba mguu, akarudi Tunduma na debe la maharage. "Nilikuwa nakaribia kusema," alieleza, "akaniambia wamemchagua kusimamia mbio. Kijiji kimempa daraja. Amefurahi, Mama Atupele. Wamempa kofia."

Tumpale aliketi kwenye kigoda cha jikoni. Aliogopa, na alikasirika, na hakujua amkasirikie nani.

Ikabaki kazi ya kutafuta njia nyingine. Aliipata juma lililofuata, kwa msaada wa Mama Ambwene: hatua hamsini chini ya daraja, nyuma ya migomba, kijito kinapanuka na kina chake kinapungua, maji ya kufika nusu ya muundi. Ukiacha njia kwenye kona ya kahawa, ukabeba baiskeli begani, ukavuka na kurudi njiani ng'ambo, unapoteza nusu dakika. Gwakisa alipima kwa saa. Akamfanyisha mara ishirini, mara thelathini, mpaka kuiacha njia kwenye ile kona kukawa kama kufunga kifungo. Nusu dakika wangeilipa kwenye mteremko wa mwisho. Goodness alikuwa bado anateremka amekalia tandiko, walikuwa wamemwona.

Siku ya mbio ilipambazuka baridi, ukungu ukiwa umelala mabondeni. Wanawake walikuwa saba. Tumpale alibandikwa namba kumi na saba mgongoni, Goodness namba tisa, fulana nyekundu. Kitenge Tumpale alikiacha kwa Ambwene, kwa amri ya kocha, akabaki na suruali fupi ya kubana inayoishia juu ya magoti. Mwamuzi mkuu, Mwalimu Tulinagwe kutoka Vwawa, mama mnene mwenye sauti ya darasani, akapanda juu ya kiti akasoma kanuni. Vituo viko vitatu. Kila kituo kina msimamizi mwenye orodha ya namba.

"Msimamizi akuone kwa macho yake, aweke alama," alisema. "Asipokuona, hukupita. Mimi sitaki kusikia kwamba ulipita lakini. Kituo cha tatu ni darajani."

Tumpale alimtafuta Gwakisa kwenye umati. Gwakisa alikuwa tayari anamtazama. Hapakuwa na la kufanya, filimbi ilikuwa mdomoni.

Kilima cha kwanza alikipanda akiwa anafanya hesabu badala ya kupumua. Cha pili alikipanda na uamuzi: atapita darajani. Atainamisha kichwa, ataangalia tairi la mbele, atapita mbele ya mkwe wake na magoti wazi, na Mungu atamsamehe, na mama yake mzazi asisikie. Alikuwa mbele. Kwenye mteremko wa kwanza aliwapita wote, na alipotazama nyuma kwenye kilele, fulana nyekundu ilikuwa mbali kidogo, kama urefu wa malori ishirini. Aliusemea moyoni ule uamuzi tena na tena. Darajani. Kichwa chini. Darajani.

Alipotokeza juu ya mashamba, mama mkwe alikuwa amesimama kwenye kichuguu mbele ya nyumba, akapiga kigelegele kirefu kilichosikika bonde zima. Tumpale alidhani ni cha furaha, akaachia breki.

Kona ya kahawa ikafika. Na mikono, iliyofundishwa mara thelathini, ikageuza.

Alikuwa ameshatoka njiani, baiskeli begani, kabla hajajua amefanya nini. Kurudi kungemmaliza. Akapenya migomba, akatia mguu majini, mguu wa pili, akanyanyua uso kuangalia ng'ambo. Katikati ya kijito, maji yakimfika kwenye muundi, suruali imekunjwa, kofia mpya kichwani, orodha mkono mmoja na kalamu mkono wa pili, alikuwa amesimama baba mkwe wake.

Kile kigelegele hakikuwa cha furaha. Mzee Yonathani alikuwa amekaa na tatizo hilo hilo tangu siku alipovishwa kofia, na alilitatua kwa msaada wa mkewe, kama Tumpale, kila mmoja bila mwenzake kujua, kwa sababu mama yule alizifunga siri zote mbili na kuona hazimhusu. Mpango wa mzee ulikuwa hivi: mama akimwona mkamwana juu, apige kigelegele. Yeye atatoka darajani ashuke nyuma ya migomba, asikie magogo yakilia chini ya matairi, aweke alama, arudi. Mkamwana asiaibike. Mahali pa kujificha karibu na lile daraja ni hapo tu.

Wakageuka, kila mmoja upande wake. Tumpale akatazama migomba, mzee akatazama mlima. Tumpale alimsubiri apite, kama ilivyo. Mzee, ambaye aliona huyu ndiye mwenye haraka, alisubiri apite yeye. Maji yalipita. Baiskeli ilimkata begani na magoti yake aliyahisi yako wazi kama hayajawahi kuwa wazi.

Juu yao magogo yakalia. Fulana nyekundu ilivuka daraja, msichana ameinama juu ya usukani, haangalii kushoto wala kulia, na ikapotea ng'ambo.

Tumpale alisikia kalamu ikisogea kwenye karatasi, kisha ikasita. Mzee hakuwa ameona namba. Alikuwa ametazama mlima. Na hapo ndipo Tumpale alipoelewa kwamba Goodness naye hana alama, wala hatapata, na kwamba atafika Isongole wa kwanza na kuambiwa hakupita, kwa sababu ya heshima ya nyumba isiyo ya kwao. Angeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo ilikuwa mila.

"Baba," alisema, akiiambia migomba. Sauti ilitoka ndogo. "Aliyepita ni namba tisa. Muandike."

Kisha kalamu ikakwaruza.

Alivuka bila kujua alivukaje. Alipofika njiani alikuwa analia, na mteremko wa mwisho, kilomita nne za mawe na mifereji ya mvua, aliuteremka machozi yakipelekwa masikioni na upepo. Gwakisa, aliyesimama juu ya gari pale sokoni, husema mpaka leo hajaona mtu akishuka namna ile, breki hazijaguswa. Goodness alikuwa amekalia tandiko. Alimfikia kwenye mfereji wa mwisho, akapita kushoto, na kwenye mita mia mbili za lami msichana yule akaja nyuma yake na mapaja yake ya chuma. Tumpale alimaliza mbele kwa urefu wa tairi moja.

Hakushangilia. Alikaa chini kivulini, akaomba kitenge, akajifunga, akasubiri karatasi.

Orodha za vituo viwili zilikuja na pikipiki. Ya tatu ilichelewa, maana mwenye nayo alikataa kupanda pikipiki na kukataa kumpa mtu. Mzee Yonathani aliingia sokoni kwa miguu baada ya saa nzima, kofia mkononi, suruali bado imelowa chini. Tumpale alisikia kikohozi, akainuka na kwenda kusimama nyuma ya gari la waandaaji, inavyotakiwa. Kutoka pale aliona viatu vya watu tu, na alisikia kila kitu.

Mwalimu Tulinagwe alisoma chini kwa kidole. "Tisa, ipo. Kumi na saba." Akageuza karatasi. "Kumi na saba haina alama. Mzee wangu, kumi na saba alipita darajani?"

"Hakupita darajani."

Watu wakaguna. Mahali fulani Ambwene alisema, "Baba."

"Basi hukumwona," alisema mwalimu, na akaweka kalamu tayari.

Sokoni pale walikuwapo majirani zake, wazee wenzake wa kanisa, shemeji zake kutoka ng'ambo ya mto Songwe, watu waliojua namba kumi na saba ni nani kwake na wanaelewa anaulizwa nini. Mkwe haulizwi kama amemwona mkamwana wake. Akiulizwa, jibu lipo tangu zamani.

"Nimemwona," alisema mzee Yonathani. "Nimemwona kwa macho yangu, yuko mtoni, amebeba baiskeli. Alikuwa mtoni kwa ajili yangu. Na mimi niliacha daraja kwa ajili yake. Na yule tisa mimi sikumwona, ni huyo kumi na saba aliyeniambia nimuandike. Kama kuna wa kufutwa, nifuteni mimi." Alinyoosha mkono. "Nipe hiyo karatasi, mama. Nilikuwa nasubiri kuuliza kama inaruhusiwa kumwandika."

Mwalimu Tulinagwe alimtazama, akamtazama Goodness, ambaye alikuwa anasikiliza mdomo wazi. "Wewe ulimwona msimamizi darajani?" alimuuliza.

"Sikumwona mtu," alisema Goodness. Alifikiri kidogo. "Alinipita kule chini. Mimi nimepitwa, mwalimu. Mwandike."

Karatasi ikatolewa, mzee akaweka alama ya kumi na saba. Nyuma ya gari, Tumpale alijifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti bila kujizuia, na hakuna aliyemfuata.

Juma lililofuata alimtuma Ambwene kwao na jogoo, kwa kosa la kusema na mzee. Wiki ikapita bila jibu. Kisha Mama Ambwene akapiga simu, akauliza habari za Atupele, za kazi, za mahindi ya Tunduma bei gani, ndipo akafika.

"Amesema jogoo amemla. Amesema ukija huku tena na baiskeli, wewe ushike upande wa juu, wa kahawa. Yeye atashika wa chini. Msikutane tena."

"Sawa, Mama."

"Ndivyo alivyosema."

Na ndivyo wanavyofanya. Msimu umefika katikati sasa. Tumpale amekwenda na timu ya mkoa mara tatu, na hajashinda tena, ingawa hajawahi kuwa wa mwisho. Akienda Ileje kufanya mazoezi, kigelegele hupigwa kichuguuni, yeye huingia kwenye kahawa na mzee hushuka mtoni, na njia hubaki tupu kwa dakika moja. Ila kila Jumatatu baada ya mbio, Mama Ambwene huulizwa swali moja wakati wa chai, na mwulizaji akiangalia dirishani.

"Yule wa juu," husema mzee, "amekuwa wa ngapi?"